Hesabu ya Ng'ombe wa Tano

Swali lililowagombanisha wanawake wa Ikolo na mwalimu wao lilikuwa la ng'ombe saba. Mwalimu Zebedayo alilitunga mwenyewe njiani akija, akaona limekaa vizuri, akalitamka kwa sauti yake ya mahubiri: "Mtu ana ng'ombe saba. Amempa rafiki yake watatu. Je, ana ng'ombe wangapi?"

Darasa la wanawake lilikutana alasiri, baada ya shamba na kabla ya kupika, ndani ya kanisa la mianzi. Kila mwanafunzi alikuwa na mbegu nyeusi za mgomba mwitu za kujaa kiganja, ndizo za kuhesabia. Wakainama, wakapanga mbegu zao chini, wakanong'onezana kidogo. Kisha wote, kuanzia bibi mwenye jino moja hadi msichana aliyeolewa juzi, wakajibu kwa pamoja, "Saba."

"Saba kivipi?" Zebedayo aliuliza. "Si ametoa watatu?"

"Amempa rafiki," alisema yule bibi, bila haraka. "Kumpa rafiki ng'ombe si kuwatoa, mwanangu. Rafiki anakamua maziwa, anazoa mavi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Mama yako hakukwambia?"

Darasa zima likacheka, na Zebedayo akacheka nalo kwa shingo upande. Desturi hiyo aliijua tangu tumboni. Hakuna mtu mwenye akili aliyeweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa marafiki vijiji vingine, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize wote, na wenye kijicho wasijue ana mali kiasi gani. Lakini katika kitabu alichosomea misheni, aliyepewa amepewa na aliyetoa ametoa, na kitabu hicho hakikuwa kimewahi kufika Ikolo kuulizwa maswali.

"Haya, tuseme amewauza."

"Kichaa gani anauza ng'ombe?" mwingine akauliza, na kicheko kikaanza upya.

Mmoja tu hakucheka. Anyisile, binti wa Ambilikile, alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa, mtoto wake Tulinagwe amelala juu ya miguu yake. Alingoja kelele ziishe ndipo akauliza, "Mwalimu, sasa nitajuaje kama kitu kinajumlishwa au kinatolewa, ikiwa maneno yenyewe hayasemi wazi?"

Zebedayo alikuwa kijana, na vijana wengi wakibanwa hukasirika. Huyu alikaa chini kwenye mkeka akafikiri kweli kweli. "Usikimbilie namba," alisema mwisho. "Hapo ndipo mnapoangukia. Hesabu ya maneno ni hadithi, basi isikilize mpaka mwisho. Jiulize, mwanzoni kulikuwa na nini? Nini kimeingia? Nini kimetoka? Halafu, swali linataka nini, jumla yake au kilichobaki? Ukiyajua hayo, kuhesabu kwenyewe ni kazi ya vidole, hata mtoto anaweza."

Wengine waliyasikia hayo wakayaacha hapo hapo mlangoni walipotoka. Anyisile aliondoka nayo akiyarudiarudia njia nzima, maana nyumbani kwao kulikuwa na swali la ng'ombe ambalo halikuwa la kitabuni.

* * *

Alikuwa amerudi kwa wazazi mchana kweupe, kila mtu anaona, mkono umevimba na mtoto mgongoni, hana hata kibuyu. Mumewe aliitwa Lutengano, jina lenye maana ya amani, na wenye midomo mirefu walikuwa na la kusema juu ya hilo. Zamani, alipopigwa na kukimbia, kaka yake Aliko alimshika mkono akamrudisha kwa mumewe kabla jirani hawajaamka. Safari hii alipomwona mlangoni aliutazama ule mkono, akapisha.

Baba yao, Ambilikile, hakumgombeza. Alimpa kiti, akamwita mkewe Neli alete maji ya moto, kisha akasema jambo moja tu. "Kurudi umerudi. Sasa ng'ombe."

Ndiyo habari yenyewe. Mke akimwacha mume, mahari hurudi, na ng'ombe wakishindwa kurudi, hurudi mke. Baba mkwe wa Anyisile, mzee Andongwisye wa upande wa Bondeni, hakuchelewa kutuma mtu. Mwezi ukiandama, alisema, atakuja na ndugu zake na mzee wa baraza wa malafyale, chifu wa nchi ile, aondoke na kimoja au kingine. Zamani mambo haya yalimalizwa kwa mikuki. Tangu Wadachi wajenge boma lao kule milimani walikataza mikuki, kwa hiyo watu sasa walichinjana kwa hesabu.

Na hesabu ndiyo iliyomshinda Ambilikile. Jioni baada ya jioni alikaa mbele ya jiko la mkewe akikunja vidole, leo anapata sita, kesho anapata watano, keshokutwa anamtukana Aliko kwamba amemchanganya.

"Walikuja wanne," Aliko alisema kwa mara nyingine. Alikuwa kijana wa maneno machache na uso wa kukunja. "Wanne, tata, baba yangu. Nilikuwepo."

"Wanne najua. Lakini wamezaa. Aliyezaa anarudi na mtoto wake. Halafu yule mwekundu alikufa. Halafu yule mwenye pembe iliyopinda tulimpeleka kijiji cha Ipyana kwa ajili yako. Sasa huyo wa Ipyana namtoa au simtoi?"

Anyisile alikuwa akimenya ndizi kwa mkono mmoja. Aliacha kisu, akafungua fundo la nguo yake, akamwaga mbegu nyeusi sakafuni. "Tata, nisimulie kama hadithi. Usitaje jumla."

Ambilikile alimtazama kama mtu anayeombwa acheze ngoma asiyoijua, lakini akasimulia. Anyisile akaweka mbegu nne. Wamezaliwa wawili, akaongeza mbili, zikawa sita. Mmoja alikufa, na ngozi yake ilipelekwa kwa Andongwisye aione, hivyo hakuna wa kubisha. Akatoa moja, zikabaki tano.

"Na wa Ipyana?"

"Wa Ipyana hatoki. Swali ni ng'ombe wangapi wanadaiwa. Haliulizi wako wapi. Deni ni watano."

"Watano," Ambilikile alirudia kwa unyonge. "Na ndani tunao wanne." Kila mpita njia angeona ng'ombe watano katika nyumba yake ya ng'ombe, lakini mmoja, yule mweusi mwenye baka, alikuwa wa rafiki yake Lazaro, aliyewekwa pale atunzwe. Ng'ombe wa Ambilikile mwenyewe walikwisha wote mwaka wa sotoka, walipokuwa wakifa mpaka tai wakashiba. Aliokuwa nao sasa ni hao wa mahari ya binti yake, basi. Mmoja kati yao ndiye aliyepelekwa Ipyana kumposea Aliko mke, binti wa Hezroni aitwaye Elizabeth. Kumrudisha huyo ni kuuvunja uchumba.

 Aliko alichukua kijiti akaanza kukivunja vipande vidogo vidogo.

"Ngoja," Anyisile alisema. Alikuwa amekunja uso vile alivyokunja darasani. "Hadithi haijaisha. Si kuna ng'ombe wa mtoto? Mke aliyezaa, kila mtoto anamwachia baba wa mke ng'ombe mmoja. Mtoto ni mmoja." Akachukua mbegu moja akaisogeza pembeni. "Watano, toa mmoja. Wamebaki wanne."

Ambilikile akapiga paja. "Wanne. Na tunao wanne." Alisimama akakaa tena. "Binti huyu. Sikieni, nilimkataza nani asiende kwa Zebedayo? Si nilimruhusu mwenyewe? Ndaga, asante, mwanangu. Neli, mpe maziwa."

Anyisile aliona haya akatabasamu. Ilikuwa siku nyingi hajasifiwa na mtu. Hata Aliko aliuacha uso wake ukakunjuka, akasema taratibu, "Kumbe Elizabeth hatakwenda popote."

Neli, mama yao, alikuwa akikoroga chungu na hakugeuka. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Na huyu anayechezea majivu, ni mbegu ipi hapo?"

Tulinagwe alikuwa pembeni mwa jiko, amejipaka majivu mpaka kwenye nyusi. Anyisile alimtazama, kisha akaitazama ile mbegu aliyoisogeza pembeni kwa kidole chake mwenyewe. Akaacha kutabasamu. Maana ng'ombe wa mtoto ana maana moja tu, na hakuna asiyeijua. Ng'ombe anabaki, mtoto anakwenda. Kwa kumtoa Tulinagwe kwenye deni alikuwa amemtoa nyumbani.

"Mtoto ni wa kwao," Ambilikile alisema, akikwepa macho ya mkewe. "Hata akae hapa, ni wa kwao. Ameshaacha kunyonya. Kila mwanamke aliyerudi kwao ameacha mtoto, si yeye wa kwanza."

"Ndiyo ilivyo, dada," alisema Aliko. "Si mimi niliyeipanga."

 Anyisile alikuwa akiwaza jinsi alivyofurahi. Kama angeletewa swali hilo na mtu mbaya angemchukia, lakini jibu amelileta mwenyewe, tena kwa mbwembwe, huku akisubiri kusifiwa. Aliikusanya mikono yake akaibana kwapani.

Maziwa yakaletwa, na hayakunywewa.

* * *

Kesho yake alimkuta Zebedayo akirudishia nyasi kwenye paa la kanisa, akamweleza kila kitu akiwa amesimama chini huku mwalimu amening'inia juu.

Zebedayo alishuka. Alipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hesabu yako ni sawa," alisema. "Nne jumlisha mbili, toa moja, toa moja. Huna kosa."

"Ulisema nijiulize nini kimetoka. Mimi sitaki atoke."

"Basi usimtoe. Zitabaki tano."

"Nikipata tano, nani atazilipa?"

"Hilo hesabu hailiulizi, dada Anyisile. Hesabu hupokea unachoipa. Ukisema mtoto ametoka, inatoa. Ukisema yupo, inaacha. Haijui ni mtoto au ni mbegu." Akaona amesema kama mwalimu na wala si kama mtu. Akajaribu tena. "Wazee wa kanisa wanasema mke mkristo avumilie kwa mumewe. Labda ukirudi, ukiwa na moyo wa..." Macho yake yakaangukia ule mkono uliofungwa kitambaa, na sentensi ikamwishia mdomoni.

"Labda nini, mwalimu?"

"Hakuna," alisema Zebedayo. "Nimekosea. Usirudi." Kisha akapanda tena juu ya paa, kwa aibu, akakaa huko mpaka jua lilipoinama.

* * *

Wakaja. Mzee wa baraza alitangulia, mtu mfupi mwenye njaa, aliyekuwa na barua ya malafyale yenye muhuri wa boma na hakuna hata mmoja aliyeiomba. Nyuma yake Andongwisye na ndugu zake wawili. Lutengano mwenyewe hakuja. Walisema anaumwa tumbo.

Waliketi uani, upande wa migomba. Anyisile na mama yake walikaa nyuma ya ukuta wa matete, ndani, wakichungulia kwenye nafasi. Haikuwa kwa woga. Kwa Wanyakyusa mke na baba mkwe hawaonani. Akisikia anakuja njiani, mke anaingia kichakani. Akimkuta kwenye kilio, anajifunika na kumpa mgongo. Katika miaka yote ya ndoa yake Anyisile hakuwahi kuuona uso wa Andongwisye, naye hakuwahi kuuona wake. Kesi ilikuwa yao wawili zaidi ya mtu yeyote, nao ndio pekee wasioweza kuzungumza.

Ndugu mmoja wa Andongwisye aliingia kwenye nyumba ya ng'ombe, akatoka akijipangusa miguu. "Wamo watano," alitangaza. "Wazuri tu, wanono. Kumbe kesi yenyewe ya nini?"

Ambilikile alikohoa. Majirani walikuwa wameshajaa, wengine wamekuja na watoto wao kama kwenye harusi. "Wanne," alisema. "Mmoja si wangu. Ni wa Lazaro, yuko hapa kwa kutunzwa."

"Yupi?"

"Mweusi mwenye baka."

"Yule ndiye mzuri kuliko wote," mtu akasema nyuma, na mwingine akamalizia, "Na tulivyokuwa tukimsifia kwa ng'ombe wake." Kicheko kikapita, si kikubwa, cha kutosha tu. Mtu huficha ng'ombe wake kwa marafiki ili aonekane maskini. Kuonekana tajiri kwa ng'ombe wa rafiki ni jambo jingine, na Ambilikile alilijua. Aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Tumalize," mzee wa baraza alisema. "Naona hapa hakuna aliyeweka chungu jikoni."

Aliko ndiye aliyeagizwa kupanga vipande vya tete chini, vinne, kisha viwili. Mzee wa baraza akahoji juu ya yule aliyekufa, Andongwisye akakubali kwamba ngozi aliiona, kipande kimoja kikatupwa. Vikabaki vitano, wazi, kila mtu anaviona.

"Mtoto yupo?"

"Yupo mmoja, wa kike," alisema Ambilikile. "Ameacha kunyonya."

"Basi." Mzee aliinama, akakivuta kipande kimoja kwa fimbo yake, kikateleza juu ya vumbi mpaka mbele ya miguu ya Andongwisye. "Wanne na mtoto. Wafungueni ng'ombe, mleteni mtoto, tukale."

Nyuma ya ukuta Neli alimshika binti yake nguo, ikamponyoka, maana Anyisile aliivua ile ya mabegani akajifunika kichwa kizima, akatoka.

Alitoka kinyumenyume. Alikuwa anajitahidi kuishika heshima mpaka pale ilipowezekana, kwa hiyo alimpa baba mkwe mgongo, akatembea upande upande kama kaa wa mchangani, haoni mbele, anapapasa kwa mguu. Aligonga kigoda. Watoto wakacheka, na wakubwa wawili watatu nao, kisha wakaona kwamba anaendelea kuja na kicheko kikafa. Andongwisye, alipotambua ni nani, alifunika macho kwa kiwiko akageukia migomba. Anyisile alipiga magoti, akapapasa vumbi kwa mkono wake mzima mpaka akakipata kile kipande cha tete karibu na miguu ya mzee. Akatambaa nacho akakirudisha kwenye mstari.

"Huyu hatolewi," alisema ndani ya nguo. "Anabaki. Hesabuni upya."

"Amefanya nini huyu?" mmoja wa ndugu aliuliza. "Mbele ya mkwe wake?"

"Vipo vitano," alisema Anyisile. Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole. "Najua vipo vitano. Nimehesabu."

Mzee wa baraza alimtazama Andongwisye, na Andongwisye aliitazama migomba. Alikuwa mzee wa haki zake, si mtu mkatili, na tabia za mwanawe alizijua. Aliongea polepole, kwa mzee wa baraza, kama vile hakuna mwanamke hapo. "Mwambieni binti wa watu kwamba sina haja ya kumliza mtoto. Nyumbani kwangu wapo wengi. Lakini ng'ombe wangu ni watano. Leo nipewe wanne. Mtoto abaki na mama yake. Siku mtoto huyo atakapoolewa, ng'ombe wa kwanza wa mahari yake ni wangu. Hapo tutakuwa tumelipana."

Watu waliguna kwa kukubali. Ilikuwa hukumu nzuri, yenye upole, na haikumgharimu mtu aliyekuwapo pale chochote. Ambilikile alisema, "Tumekubali," kabla hata maneno hayajatua. Na Anyisile chini ya nguo alikuwa ameshafungua mdomo kumshukuru mzee. Angekubali lolote ambalo lingemwacha arudi ndani na mtoto wake.

"Mimi sijakubali," alisema Aliko.

Alikuwa bado amechuchumaa mbele ya vipande vyake vya tete. "Kaa kimya," baba yake alimwambia. "Jambo limekwisha, na uchumba wako umepona."

"Nimesikia, tata." Aliko hakuinua uso. Maneno yalimtoka moja moja, kwa shida, kama kawaida yake. "Mimi ndiye niliyengojea dada aolewe ili nioe. Nilikuwa namtazama akikua. Kila akiugua nilikuwa naogopa, na sikuwa nikimwogopea yeye. Najua mtu anayengojea mahari ya mtoto anamtazamaje huyo mtoto. Sasa mnataka huyu wa majivu aanze kutazamwa hivyo leo, na bado hajui kutamka jina lake." Alikigusa kile kipande cha tano, akakinyoosha kikae sawa na wenzake. "Wa tano yuko Ipyana. Nitamleta mwenyewe."

 Kisha mzee wa baraza akauliza kama basi sasa watu wanaweza kula.

* * *

Walikwenda Ipyana pamoja, Aliko na dada yake na Tulinagwe mgongoni, na njiani hawakuzungumza. Mara moja Anyisile alijaribu. "Kaka, nitakufanyia nini mimi?" Aliko akajibu, "Tembea," basi.

Hezroni, baba wa Elizabeth, aliwasikiliza akiwa amesimama. Hakuwapa kiti, na haki alikuwa nayo, maana mtu anayekuja kuvunja uchumba hakaribishwi kukaa. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye kujivunia kwamba hajawahi kudaiwa na mtu. Aliko alipomaliza, alimwita binti yake. Elizabeth alikuja na jembe begani, akaelezwa kwa maneno mafupi mbele ya wote, kama mtu anayeelezwa kwamba mvua haitanyesha.

"Mlete ng'ombe wao," baba yake alisema.

Elizabeth aliweka jembe chini. Alimwangalia Aliko, akamwangalia mtoto mgongoni mwa Anyisile, akaenda. Anyisile alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameshika fundo la mbegu kwenye nguo yake bila kujua, akizibonyeza kwa vidole, na hazikumsaidia kitu. Mtoto hakutolewa, na huyu sasa anatolewa. Popote alipoigusa hesabu hii alikuta mtu.

Ng'ombe mwenye pembe iliyopinda alitoka, Elizabeth akimwongoza kwa kamba. Nyuma yake akafuata mtamba mwekundu, amekwisha kuacha kunyonya, anarukaruka kwa jeuri ya ujana. Aliko akabaki mdomo wazi. Hawakuwa na habari kwamba amezaa.

"Aliingia mmoja," Hezroni alisema. "Wanatoka wawili. Ndiyo sheria, na mimi sitaki kuambiwa nimekula cha mtu. Wachukueni wote."

Anyisile alihesabu upesi, hakuweza kujizuia. Deni la Andongwisye baraza lilikwisha kulifunga kwa watano, na huyu hakuhesabiwa. Watano hao wakiondoka, nyumbani kungebaki ng'ombe wa Lazaro peke yake. Pamoja na huyu mtamba, baba yake angekuwa na ng'ombe wake mmoja, na watu wasingemcheka tena. Alitaka kusema. Akaona uso wa kaka yake akanyamaza.

Aliko alikuwa ameshika kamba ya yule mkubwa. "Huyu namchukua," alisema. "Mtamba abaki hapa."

"Abaki kama nini?" Hezroni aliuliza kwa ukali. "Kama wa rafiki? Mimi si rafiki yako. Mimi na wewe hatuna neno tena."

"Kama mahari."

"Mahari ya mtamba mmoja?"

"Naanza naye, baba. Nikifukuzwa nitaondoka naye. Sijafukuzwa bado."

Hezroni alimtazama kijana yule kwa muda mrefu, kuanzia miguu yenye vumbi. Alikuwa na hasira, na katikati ya hasira kulikuwa na jambo jingine alilokuwa akijaribu kulikanyaga. "Na waliobaki ni wangapi?" aliuliza.

Aliko alimgeukia dada yake.

"Wote, baba," alisema Anyisile. "Wote, ila huyo mmoja."

Hezroni akageuka kumwuliza Elizabeth, lakini Elizabeth alikuwa ameshampa mgongo. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kiuno cha mtamba na anamsukuma kurudi ndani, bila haraka, wala hakungoja kuulizwa. Mzee akapumua kwa pua.

"Basi usimfunge na wa kwetu," alimwambia kwa nyuma. "Mfunge peke yake, tujue hesabu imeanzia wapi."